Miwani ya kuzamia na mrija: kipi ununue Dar, kipi ukiache dukani

Ukienda Kariakoo kutafuta miwani ya kuzamia (ya majini, si ya wale wa melini) utaonyeshwa vitu vitatu tofauti. Kuna ya kuogelea isiyofunika pua, ya uso mzima yenye mrija wa kupumulia utosini, na ile inayofunika macho pamoja na pua. Kwa anayeshuka na mtungi wa hewa, inayofaa ni hiyo ya tatu peke yake. Mita 10 chini, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, na hewa iliyo ndani ya miwani hunywea ikabaki nusu. Usipopuliza kidogo kwa pua kuirudishia, miwani hunyonya uso mpaka damu ivilie machoni. Ya kuogelea haina pa kupulizia. Ya uso mzima haikuachii mdomo wa kuuma regulata (kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi), wala pua ya kubana uzibue masikio. Hiyo ni ya kuelea juu ukitazama samaki, basi.

Muuzaji atasema ni frisaizi. Hakuna frisaizi hapa. Uso ndio unaochagua, na miwani ya bei kubwa isiyokukaa itavuja kuliko ya bei ndogo inayokukaa. Jaribu hivi: rudisha nywele nyuma, weka miwani usoni bila kuvaa mkanda, vuta hewa kidogo kwa pua, zuia pumzi, kisha inamisha kichwa. Ikae kama sekunde 5 bila kudondoka. Usivute kwa nguvu, maana ukivuta sana hata mbovu itanata. Rudia ukiwa umeuma mrija, kwa sababu mashavu hubadilika umbo, na miwani iliyofaulu mwanzo mara nyingi hufeli hapo. Mwenye masharubu anyoe ukanda mwembamba chini ya pua. Anayevaa mtandio wa kuogelea ahakikishe ukingo wa kitambaa haupiti chini ya mpira, kwani uzi mmoja tu unatosha kuingiza maji. Mkanda usikazwe sana, mpira ukijikunja ndipo maji yanapoingilia.

Mpira uwe wa silikoni. Ukunje: silikoni hurudi mara moja, plastiki husitasita, na baada ya muda hukakamaa. Kwenye kioo tafuta neno TEMPERED (kioo kilichoimarishwa) au herufi T. Kioo cha kawaida kikipasuka hutoa vipande vikali jirani kabisa na macho, na cha plastiki hukwaruzika upesi.

Mrija ni jambo dogo, na kadiri ulivyo rahisi ndivyo ulivyo bora. Urefu wa sentimita 40 hivi unatosha. Ukizidi sana, utakuwa unavuta tena pumzi uliyoitoa. Ule wenye kifuniko cha kuzuia maji juu huvutia dukani, lakini kichwa chake kizito hutikisika kwenye mkondo na kuivuta miwani, na mchanga ukiingia kifuniko hukwama. Vali ya kutolea maji chini ya mdomo ina maana, mradi iwe safi. Ufunge kushoto, kwa kuwa mpira wa regulata huja kwa bega la kulia. Wakati wa kusi, mawimbi yakipanda, mrija hukuokolea hewa ya mtungi unaposubiri boti. Ule wa kukunjwa unaoingia mfukoni unafaa zaidi.

Miwani mpya itakuwekea ukungu hata uitemee mate vipi, kwa sababu ina utando wa kiwandani. Paka dawa ya meno nyeupe, si ya jeli, sugua ndani ya kioo kwa kidole, suuza, rudia mara tatu. Kama kioo kimepakwa dawa ya kuzuia ukungu, usisugue kabisa. Baada ya bahari suuza kwa maji yasiyo na chumvi, kausha kivulini, na usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani wala ikiegemea mapezi meusi ya mpira: silikoni angavu hunywa ule weusi, na hautoki.