Kadi za nyigu wa mizeituni, nawapa nyota 3 tu

Mi niko Puglia, Italia, nina mizeituni kama 30 hivi, mwaka huu nikaagiza kadi za trikograma (nyigu wadogo sana) mtandaoni kwa ajili ya nondo wa mzeituni. Ni kadi yenye mayai ya nondo wa unga ambayo ndani washawekwa nyigu, unaining'iniza kwenye tawi, wanatoka, hawafiki hata milimita 1, wanaenda kutaga ndani ya mayai ya nondo na yai linageuka jeusi. Mzigo ulifika vizuri, bado una ubaridi. Shida wengi walitoka wakabaki wanazungukazunguka palepale kwenye kadi kama walevi! Nikawaandikia wauzaji, hii mbegu ya nyigu mmeitoa wapi, imekaa maabara vizazi vingapi bila kuchanganywa na wa porini, kimyaaa. Jamani nyigu wachache wakizaliana wenyewe kwa wenyewe muda mrefu tofauti za jeni zinapungua, na aliyezoea maabara shambani anaweza akazubaa tu. Wale nyigu wengine, Psyttalia lounsburyi, waliopelekwa California kuwinda nzi wa zeituni angalau inajulikana wametoka Kenya, hapa lebo haisemi hata spishi. Bei poa, ila siagizi tena mpaka waandike.