Ramani zinapendeza, vipimo havifai: uzoefu wangu na maabara ya hadubini

Niliwapa maabara vipande vya chuma laini wavipake rangi na madoa, wavivute chini ya hadubini, wapige picha hatua kwa hatua, kisha programu ilinganishe madoa na kuchora ramani ya rangi inayoonyesha kila sehemu imerefuka kiasi gani.

Kwenye maandalizi nawasifu bila kinyongo. Rangi nyeupe isiyong'aa, imepakwa nyembamba, juu yake madoa meusi ya pikseli 3 hadi 5, ukubwa unaotakiwa hasa. Na walivuta siku ileile, kabla rangi haijakakamaa ikaanza kupasuka yenyewe. Kwa hapo, nyota tano.

Sasa ramani. Picha mbili zilipigwa kabla ya kuvuta, kwa hiyo ukizilinganisha lazima upate sufuri. Zimetoa asilimia 0.1! Chuma laini huacha kurudi kwenye urefu wake kikifika karibu asilimia 0.12. Yaani kosa peke yake linakaribia kumeza kipimo chote.

Chanzo kiko wazi. Chuma kikivutwa hurefuka na papo hapo hupungua upana, kwa takriban 0.3 ya kile kilichorefuka. Hapa urefu na upana vimeongezeka sawasawa. Basi hakuna kilichonyumbuka. Walipokaza kishikio, kipande kilisogea kuelekea lenzi. Lenzi ikiwa umbali wa milimita 100, kusogea milimita 0.1 tu kunatosha kuikuza picha kwa kiasi hichohicho. Ilitakiwa wakaze kwanza, wavute kidogo kuondoa ulegevu, ndipo wapige picha ya msingi, ile ambayo nyingine zote hulinganishwa nayo.

Nikamuuliza mhusika. "Kaka, programu haikosei. Rangi za ramani si unaziona zilivyotulia?" Akakata simu.

Hata hapo nilitaka kuwatetea, maana kabla chuma hakijafika pale kinapoacha kurudi kwenye urefu wake, kosa hilo linaondoka kwa hesabu: toa badiliko la upana kwenye la urefu, gawa kwa 1.3. Lakini picha wamezihifadhi kwa JPEG iliyobanwa sana! JPEG hukata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8, kingo za madoa madogo hivyo zinavurugika, na programu inategemea kingo hizohizo kupima msogeo wa sehemu ya mia ya pikseli. Nikaomba TIFF ghafi, yaani picha za awali ambazo hazijabanwa hivyo. Wamezifuta, eti diski ilijaa.

Nyota tano nazirudisha. Ni moja, ya rangi na madoa. Mkiwapelekea kazi, andikeni kwenye oda kabla ya kulipa: picha zote TIFF, na ramani ya kipande kisichovutwa ije ya kwanza.