Uzoefu wangu: Raspberry Pi, kibao cha ADS1115 na vihisi vya 4–20 mA

Kihisi cha kiwandani cha waya mbili hakitoi volti. Kinapitisha mkondo: 4 mA kipimo kikiwa chini kabisa, 20 mA kikifika juu kabisa. Raspberry Pi nayo haina hata pini moja ya analogi. Katikati panatakiwa rezista ya kugeuza mkondo kuwa volti na chipu ya kugeuza volti kuwa namba. Mimi natumia kibao cha ADS1115, chenye chipu ya aina hiyo, kusoma kina cha maji kwenye matangi, kwa kihisi cha kuzamisha cha mita 0–5, na mfumo mzima unakula betri ya sola ya 12 V. Kibao chenyewe ni kizuri kuliko bei yake. Nyota moja nakinyima kwa sababu hakina kinga yoyote ya mazingira ya kiwandani, na hiyo utaijenga mwenyewe.

Kuunganisha na Pi ni kazi ndogo. VDD (mlango wa umeme) iende pini ya 1 (3.3 V), SDA pini ya 3, SCL pini ya 5 (hizi mbili ni za I2C, njia ya chipu kuwasiliana na Pi), GND (hasi) pini ya 6, na ADDR (ya kuchagua anwani) ifungwe kwenye GND ili anwani iwe 0x48. Usikilishe 5 V hata kama muuzaji kaandika kinakubali. Chipu inakubali kweli, lakini rezista zilizoko kwenye kibao zitazivuta SDA na SCL kuelekea 5 V, na pini za Pi ni za 3.3 V. Washa I2C kwenye raspi-config, yaani menyu ya mipangilio ya Pi, kisha andika i2cdetect -y 1. Lazima uone 48. Isipoonekana, angalia kwanza lehemu ya zile pini unazochomelea mwenyewe.

Kabla ya kuendelea, hakikisha hukuuziwa chipu nyingine. Kuna vibao vimeandikwa ADS1115 huku ndani mna ADS1015 ya biti 12 badala ya 16. Soma namba ghafi (kabla hazijageuzwa kuwa volti) ishirini hivi: zote zikigawanyika kwa 16 bila baki, umeuziwa ya biti 12.

Sasa rezista. Michoro mingi ya viwandani inaonyesha 250 Ω, ambayo inatoa 1–5 V. Hapa haifai, kwa sababu ADS1115 iliyolishwa 3.3 V haitakiwi kupata zaidi ya 3.6 V kwenye mlango wake. Weka 100 Ω: 4 mA inakuwa 0.4 V, 20 mA inakuwa 2.0 V. Kwenye programu chagua kipimo (upeo wa volti ambao chipu itasoma) cha ±4.096 V. Utatamani ±2.048 V kwa sababu namba zinakuwa nzuri zaidi, ila kipimo hicho kinagota kwenye 20.48 mA, hakisomi zaidi ya hapo, na vihisi vingi vinapoharibika hutangaza hitilafu kwa kupanda hadi 21 mA au zaidi, au kushuka hadi 3.6 mA au chini yake. Ukigota mapema hutaiona taarifa hiyo. Kwa ±4.096 V kila hatua ni 0.125 mV, yaani kama milimita 0.4 za maji kwa kihisi cha mita 5. Tangi likiwa linajazwa, maji yenyewe yanacheza kuliko hapo.

Nunua rezista ya 0.1% yenye 25 ppm (sehemu kwa milioni) kwa kila nyuzi ya joto. Ile ya 5% inaweza kukupotezea asilimia tano nzima ya usomaji, na hata ya 1% ya kawaida yenye 100 ppm itahama kwa 0.3% boksi likipanda nyuzi 30 juani. Hapa ndipo mahali pa kutumia hela. Vile vibao vilivyo tayari vya kugeuza mkondo kuwa volti, vyenye viskrubu viwili vya kurekebisha sifuri na upeo sivipendi. Joto na mtikisiko vinavihamisha, na mtu yeyote mwenye bisibisi anaweza kuviharibu.

Mzunguko unakwenda hivi: chanya ya 24 V (inatoka kwenye kipandisha volti, nakieleza hapo chini), fyuzi ya 63 mA, waya wa chanya wa kihisi, waya wa hasi wa kihisi, rezista ya 100 Ω, hasi ya 24 V. Hasi hiyo iungane na GND ya Pi. Sehemu ya juu ya rezista ndiyo inayokwenda A0, mlango wa kusomea wa kibao, lakini ipitie rezista ya 4.7 kΩ, na kapasita ya 0.1 µF kati ya A0 na GND. Nyaya mbili za kihisi zikigusana, 24 V yote inaangukia ile 100 Ω: 0.24 A, karibu wati 6 kwenye rezista ya robo wati. Fyuzi itakatika, lakini si papo hapo, na muda huo ile 4.7 kΩ inabana mkondo unaoingia kwenye chipu usizidi 5 mA. Kikomo chake ni 10 mA. Rezista hiyo inasaidia pia pale Pi ikiwa imezimwa huku kihisi kina umeme.

Wengi wanajaribu kukwepa 24 V kwa kulisha kihisi moja kwa moja kutoka betri ya 12 V. Kihisi kilichoandikwa 12–30 V kinahitaji hizo 12 V kwenye ncha zake chenyewe. Kwenye 20 mA rezista inakula 2 V, hivyo betri ya 12.4 V inakiachia 10.4 V tu. Dalili yake inadanganya: tangi likiwa nusu namba ni sahihi kabisa, halafu karibu na juu usomaji unaganda, tuseme 17 mA, hata maji yakimwagika. Watu wanalaumu urefu wa waya. Waya wa 0.5 mm² wa mita 100, kwenda na kurudi, ni kama 7 Ω tu, yaani 0.14 V. Weka kipandisha volti cha 24 V na kapasita ya 100 µF, 50 V, kwenye kituo chake cha kutoa.

Programu ni mstari mmoja: gawa volti kwa 100 upate ampea, zidisha kwa 1000 upate mA, kisha kina = (mA − 4) ÷ 16 × 5. Namba ghafi 9600 ni 1.2 V, ni 12 mA, ni mita 2.5. Lakini kabla ya mstari huo weka sharti: ikiwa 3.6 mA au chini yake, au 21 mA au zaidi, usitoe kina chochote, toa hitilafu na uzime pampu. Waya ukikatika mkondo ni 0, hesabu inatoa −1.25 m. Programu nyingi nilizoziona zinageuza hasi kuwa sifuri, kwa hiyo panya akitafuna waya pampu inaambiwa tangi ni tupu na inapiga maji usiku kucha. Jaribu mwenyewe: chomoa waya mmoja pampu ikiwa kazini.

Namba zikirukaruka pampu ikiwaka, tumia waya uliosokotwa wenye wavu, wavu ufungwe upande mmoja tu, na ushushe kasi ya kusoma hadi mara 8 kwa sekunde. Kihisi cha waya nne chenye umeme wake, au kinachokaa jirani na drive ya mota (kifaa cha kudhibiti kasi ya mota), kisiungwe hivi. Tenganisha I2C kiumeme kwa chipu ya ISO1540 au ADuM1250 na ulishe upande wa kihisi kwa kigeuzi kilichotengwa.

Jambo la mwisho ni la kihisi cha kuzamisha. Ndani ya kebo yake mna kijibomba cha hewa. Ukikiziba kwa silikoni ndani ya boksi, huku kwetu karibu na ikweta utaona kina kikipanda kama sentimita 3 kila saa nne asubuhi na saa nne usiku na kushuka kila saa kumi, bila mtu kuteka maji. Hiyo ni presha ya hewa ya nje inayopanda na kushuka, si maji. Achia kijibomba kipumue, weka pakiti ya kunyonya unyevu ndani ya boksi, na ubadilishe pakiti ikishalowa.