Intakomu inayonyamazisha kundi zima kila GPS inapofungua mdomo

Sina haja ya kuzunguka. Intakomu hii ya helmeti, kifaa cha waendesha pikipiki kuongea wakiwa njiani, hukata mazungumzo ya kundi kila GPS inaposema "pinda kushoto". Kama sauti za wenzako zingeshuka kidogo kupisha maelekezo nisingelalamika, lakini hapana, zinakatwa kabisa. Tii, kimya, maelekezo, kimya tena sekunde tatu nne, tii, ndipo unawasikia watu. Na maelekezo huja lini? Karibu na makutano, pale pale kiongozi wa msafara anapotangaza "mchanga kwenye kona" au "lori linatoka kulia". Wewe hilo lori hulisikii, kwa sababu sauti ya GPS inakusomea mshale ambao skrini imeshakuonyesha.

Niliwaandikia huduma kwa wateja, miezi kadhaa sasa. Jibu la kwanza: "Je, umesoma mwongozo?" Nimeusoma, ndugu, pamoja na ule msitari mmoja wa herufi ndogo kurasa za mwisho unaosema intakomu "inaweza kusitishwa" wakati wa maelekezo. Nikawaeleza kinachotokea, nikauliza kama kuna sasisho linakuja. Jibu la pili: "Kifaa kinafanya kazi kama kilivyobuniwa." Basi, wakafunga tiketi ya malalamiko yangu. Kesho yake wakanitumia fomu ya kuwapima huduma kwa nyota.

Walichoshindwa kunieleza nakieleza mimi. Bluetooth ya helmeti hupokea sauti kwa njia mbili tofauti: njia ya simu na njia ya muziki. Karibu vifaa vyote vya aina hii hupanga vipaumbele hivi: simu juu, intakomu katikati, muziki chini. GPS nyingi za pikipiki, na baadhi ya programu za ramani, hupitisha maelekezo kwa njia ya simu. Kwa hiyo kila "baada ya mita mia mbili" helmeti huiona kama simu inayoingia, nayo inawatimua wenzako ili "simu" ipite. Kuitambua ni rahisi: sauti ikiwa nyembamba kama ya mtu aliyepiga simu, na muziki ukakatika papo hapo badala ya kushuka, hiyo ni njia ya simu.

Kama maelekezo yanatoka kwenye simu ya Android, ingia kwenye mipangilio ya Bluetooth, gusa jina la helmeti, zima "simu" na uache "sauti ya midia" peke yake. Sasa maelekezo yatapita njia ya muziki. Intakomu yenye uwezo wa kuchanganya sauti itakuletea vyote viwili kwa pamoja. Isiyo nao itameza maelekezo na kuacha watu waendelee kuongea. Mimi nachagua hilo la pili bila kufikiri, kwani mshale bado uko kwenye skrini. Gharama yake ni kwamba hutapokea simu ukiwa barabarani, na hilo silihesabu kuwa hasara.

Kama ni GPS halisi ya kufunga kwenye usukani, kazi ni kubwa zaidi. Futa kumbukumbu zote za miunganisho kwenye helmeti, kisha futa jina la helmeti kwenye simu na kwenye GPS, maana ukifuta upande mmoja tu, jina la zamani litang'ang'ania na muunganisho utafeli bila kukuambia kwa nini. Anza na GPS kwenye chaneli ya pili, ifuate simu kwenye chaneli ya kwanza, na intakomu za wenzako ziunganishwe mwisho. Na usiunganishe simu kwa GPS na kwa helmeti kwa wakati mmoja kama GPS nayo inataka kupitisha simu zako kwenda kwenye helmeti. Zitagombania kila simu inayoingia. Chagua njia moja.

Sasa ubaya wa huu ukimya unakuwa mara mbili mkitumia intakomu za Bluetooth za mnyororo. Wa kwanza ameunganishwa na wa pili, wa pili na wa tatu, wa tatu na wa nne. GPS ya wa pili ikifungua mdomo, hakatiki yeye peke yake. Wa kwanza anaachwa mpweke na wale wawili wa nyuma wanabaki wanaulizana kulikoni. Dawa ambayo mwongozo haukuitaja popote: wenye GPS ya sauti wakae kwenye ncha za mnyororo, na wa katikati wazime sauti ya ramani na ya simu kabisa. Wa ncha akikatika, anakatika peke yake. Bahati nzuri kiongozi na anayefunga msafara ndio wanaohitaji ramani kuliko wengine, hivyo mpangilio wa barabarani na wa mnyororo unaweza kuwa huo huo.

Mfumo wa meshi umeondoa shida hii ya mnyororo, maana kila helmeti inaongea na zote zilizo karibu, na mmoja akitoka njia inajipanga upya. Ule wa kampuni ya Cardo unachukua hadi watu 15, kundi la faragha la kampuni ya Sena hadi 24. Lakini meshi ya Cardo na ya Sena haziongei moja kwa moja. Mkichanganya, mtu mmoja anakuwa daraja kwa Bluetooth, na daraja likinyamazishwa na GPS yake mmerudi kule kule. Huyo wa daraja azime ramani. Asibishe.

Masafa ya kwenye boksi yasikudanganye. Ni ya uwanda ulio wazi, mnaonana uso kwa uso. Mawimbi ya 2.4 GHz, yanayobeba sauti za vifaa hivi, hayapendi vilima, miti mingi wala miili ya watu. Kona moja nyuma ya kilima na umeshampoteza mtu ambaye hajafika hata nusu ya umbali ulioahidiwa.

Kuhusu sauti yenyewe, hapa natulia kidogo, kwa sababu ni nzuri. Nzuri kweli. Anayelalamika kwamba hasikii kwa mwendo wa 100 mara nyingi amebandika spika vibaya: ziwe mkabala na tundu la sikio lenyewe, sio chini yake, na zikaribie sikio bila kulibana. Sentimita moja tu inabadilisha kila kitu. Maikrofoni nayo ina upande. Alama iangalie mdomo, na sponji ya upepo isikosekane, la sivyo upepo utaifungua maiki, inayojiwasha kwa sauti, wakati wote na kundi zima litasikiliza dhoruba.

GPS ina dhambi zake pia. Ukigawa safari kwa wenzako kama ruti, kila kifaa kitaipiga hesabu upya kwa ramani yake na mipangilio yake, na watu wanne wataelekezwa njia tatu. Gawa traki, ambayo ni msitari usiobadilika. Ukilazimika kutumia ruti, vuta ramani karibu kabla ya kuweka nukta za kupitia, maana nukta iliyoangukia upande wa pili wa barabara itakudai ugeuze hata baada ya kuipita. Weka mbele kidogo ya makutano, usiweke juu yake. Na kupanga njia upya iweke kwenye "niulize kwanza".

Umeme: waya wa kuchaji tu, usio na nyaya za data, ndio unaoua masasisho mengi ya programu ya kifaa, kompyuta haikioni kifaa na wewe unadhani kimeharibika. Mfuniko wa mpira ukiwa wazi kwa ajili ya chaja, usitegemee kinga ya maji. Wanaofunga simu badala ya GPS wakumbuke kwamba mwaka 2021 Apple wenyewe walionya kuwa mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu mfumo wa kamera wa kutuliza picha. Tumia kishikio chenye kipunguza mtikisiko, au simu ya zamani.

Nilikuja hapa kuandika "usinunue". Sasa nimeipanga vizuri, inaongea, nasikia kila neno la aliye mbele, na ukiniambia nirudi kwenye kupungiana mikono na kuwasha endiketa nitakukatalia. Basi nunua, kama huna GPS ya kufunga, au kama uko tayari kuizima sauti. Nyota nne kwa kifaa. Hapana, tatu, nimeikumbuka ile "kama kilivyobuniwa". Huduma kwa wateja sina nyota ya kuwapa, na ile fomu yao bado sijaijaza.