Fimbo ya faiba kwa mito ya trauti: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Ukiacha sehemu chache zilizo wazi, mito ya trauti inayoshuka kutoka Mlima Kenya na Aberdare haikupi nafasi ya kurusha mshipi nyuma. Thego, Burguret, Naro Moru, Chania: huku tawi juu ya kichwa, huku mianzi mgongoni, na dimbwi lenye samaki liko hatua nne tu mbele yako. Hapo ndipo nilipogundua kwamba fimbo niliyokuwa nayo haikuwa ya mito hii.

Ilikuwa fimbo ya kaboni, futi 9, ya mshipi namba 5 (namba ni uzito wa mshipi). Aliyeniuzia aliisifu kwamba inarusha mbali, na kweli, uwanjani ilikuwa ikifikisha mshipi mita ishirini bila shida. Mtoni nilikuwa natoa mshipi mita nne, na kwa urefu huo fimbo ile haisikii kitu. Inakaa wima kama mpini wa jembe, nawe unailazimisha kwa nguvu za mkono, nzi, yaani chambo cha kutengenezwa kilichofungwa kwenye ndoana, anaangukia kwenye majani. Siku moja mzee aliyenifundisha kuvua alinipa fimbo yake, ya faiba, yaani ya nyuzi za kioo, ya kahawia, vanishi imepasukapasuka. Nikarusha kwa haraka niliyoizoea. Akasema, "Kijana, ngoja. Mshipi bado uko nyuma." Nikangoja. Fimbo ikanepa hadi karibu na mkono, ikajinyoosha yenyewe, nzi akatua juu ya maji. Tangu siku hiyo ninavua kwa faiba tu kwenye mito midogo, na watu wanaoniuliza wanunue ipi ndio walionifanya niandike haya.

Kwa nini faiba

Katika uvuvi wa nzi hurushi chambo, kwa sababu chambo karibu hakina uzito. Unarusha mshipi, na uzito wa mshipi ndio unaoipinda fimbo. Viwanda vimekubaliana kupima uzito huo kwenye futi 30 za kwanza: mshipi namba 3 una takriban gramu 6.5, namba 4 gramu 7.8, namba 5 gramu 9.1. Sasa fikiria umetoa mita nne tu. Futi 13. Hata nusu ya uzito huo huna, na fimbo iliyotengenezwa kwa ajili ya mita ishirini itapindwa na nini?

Uzi wa kioo hukubali kupinda kwa uzito mdogo. Ugumu wa uzi wa kaboni wa kawaida ni karibu gigapaskali 230, ilhali ule wa kioo cha aina ya E ni kama 72, na kioo cha aina ya S hufika karibu 90. Pia kioo ni kizito kuliko kaboni, na hilo tusilifiche: fimbo ya faiba ya futi 9 inachosha mkono na ncha yake inayumba. Ndiyo maana fimbo za kampuni ya Marekani ya Fenwick zilizotoka mwaka 1973 zikiwa za kaboni ziliufuta kabisa umaarufu wa faiba miongoni mwa wavuvi waliotaka kurusha mbali. Kabla ya hapo faiba ndiyo iliyokuwa imeifuta mianzi, tangu kampuni ya Shakespeare ilipoanza kuuza Wonderod miaka ya 1940, kutokana na ubunifu wa Arthur Howald. Faiba ya leo ni nyembamba kuliko zile za babu, na gundi zake ni bora zaidi, lakini sababu ya kuitaka haijabadilika: inafanya kazi karibu.

Faida ya pili utaiona samaki akishashika. Trauti wengi wa mito hii ni wadogo, na uzi wa mwisho tunaofunga ni mwembamba. Fimbo inayonesa humeza mshtuko samaki anapochomoka ghafla chini ya jiwe, na uzi haukatiki. Hata trauti wa sentimita 20 anakupa raha ya kweli.

Chagua urefu kabla ya jina

Kwa mito iliyofunikwa na miti, futi 7 hadi 7 na nusu, namba 3 au 4. Hapo ndipo ningeanzia mimi. Futi 6 inavutia dukani, lakini mtoni hushindwa kuuinua mshipi juu ya mkondo wa kasi ulioko kati yako na samaki, na Gura ni mto wa kasi kwelikweli. Futi 8 namba 5 inafaa kwa sehemu pana za chini na kwa mabwawa. Ukipanda kuvua kwenye maziwa ya juu mlimani, kama Ellis au Michaelson, kuna upepo, na sitakudanganya: beba kaboni yako.

Angalia pia idadi ya vipande. Fimbo ya futi 7 yenye vipande viwili ina kipande cha zaidi ya mita moja, na kukibeba kwenye matatu au bodaboda ni kutafuta msiba. Ya futi 7 na nusu yenye vipande vitatu hukunjika hadi sentimita 76 hivi. Inaingia kwenye begi.

Mpangilio wangu

Ya kwanza ni Redington Butter Stick, futi 7 na nusu, namba 4. Wengi watashangaa kwamba sikuanza na ya bei kubwa. Naiweka juu kwa sababu inafanya jambo moja tunalolihitaji kuliko yote: inapinda kwa mshipi mfupi. Mwendo wake ni wa taratibu, wa kunepa hadi chini, ina vipande vitatu, na bei yake iko katika kundi la kati, dola mia mbili na kitu hadi mia tatu kulingana na muuzaji. Kasoro yake ni ileile sifa yake. Ukiwa na mkono wa haraka itakuadhibu wiki za kwanza, kitanzi cha mshipi kitafunguka mno na nzi atatua nyuma ya uzi. Vumilia. Punguza mwendo, panua kidogo mkono unavyokwenda mbele na nyuma, ngoja.

Ya pili ni Epic 476 kutoka New Zealand. Jina lenyewe ni maelezo: 4 ni namba ya mshipi, 76 ni futi 7 na inchi 6. Imetengenezwa kwa kioo cha aina ya S, ni nyepesi zaidi mkononi, na inajinyoosha haraka kuliko faiba nyingi, kwa hiyo anayetoka kwenye kaboni hatahangaika. Kama pesa si tatizo, huenda ikawa ya kwanza kwako. Kwangu imekuwa ya pili kwa sababu ya bei, na kwa sababu kwenye mita tatu au nne Butter Stick inanipa zaidi. Lakini kuna njia ninayoipenda sana: Epic huuza ufito mtupu, nawe ukafunga pete, mpini na kikalio cha rili mwenyewe. Kenya ina mafundi wengi wa kufunga nzi kwa mkono ambao kazi yao inauzwa dunia nzima. Mkono unaoweza kufunga nzi kwenye ndoana ndogo ya namba 18 hautashindwa kuzungushia uzi mguu wa pete. Fimbo uliyoifunga mwenyewe utaijua ndani nje kabla hujaigusisha maji.

Ya tatu, Echo River Glass. Kampuni ya Echo ilianzishwa na Tim Rajeff, bingwa wa mashindano ya kurusha mshipi, na fimbo zake zina tabia ya kumsamehe mrushaji. Ukiikosa Butter Stick, chukua hii bila majuto. Usiichanganye na Bad Ass Glass ya kampuni hiyohiyo, ambayo ni fimbo fupi na nene kwa samaki wakubwa. Mvuvi wa Watamu au Mafia anayetafuta kole kole aifikirie hiyo, siyo mvuvi wa Nyeri.

Baada ya hizo tatu naiweka Orvis Superfine Glass. Ni fimbo nzuri, imetengenezwa Manchester, Vermont, na huuzwa na dhamana ya miaka 25. Ukikaa mbali na muuzaji, dhamana hiyo ina thamani ndogo kuliko inavyosikika, maana kipande kilichovunjika lazima kisafiri kwenda na kurudi, na gharama za usafiri ni zako. Scott F, ya Montrose, Colorado, ndiyo fimbo nzuri kuitazama kuliko zote nilizozitaja, ikiwa na viungo vya ndani visivyokatiza mpindo. Ningeinunua nikiwa nimeshavua kwa faiba miaka mitano na kujua hasa ninachokitaka. Kama fimbo ya kwanza, hapana.

Ya mwisho ni Eagle Claw Featherlight, ile ya njano. Bei yake ni makumi ya dola, si mamia. Ni nzito, ni ya vipande viwili, mpini wake ni wa kawaida tu. Hata hivyo inavua, na kwa kijana anayeanza, au kwa anayetaka kujua kama faiba inamfaa kabla ya kutoa pesa nyingi, ningemwambia aichukue leo. Iko mwisho kwa ubora. Kwa thamani ya kila shilingi inayolipwa inaweza kuwa juu.

Wakati unaingojea

Fimbo hizi huagizwa nje mara nyingi, kwa hiyo kwenye bajeti yako ongeza usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya 16%. Mwombe muuzaji aiweke kwenye bomba gumu, si mfuko wa kitambaa ndani ya katoni.

Siku hizo za kungoja zitumie kutafuta mshipi sahihi. Mishipi mingi ya kisasa imeongezwa uzito kwa makusudi ili kuzipinda fimbo za kaboni ngumu, na maandishi kwenye boksi bado yanasema namba 4. Ukiuweka mshipi wa namna hiyo kwenye faiba, fimbo inalegea kama ugali wa maji na utadhani umeuziwa kitu kibovu. Tafuta mshipi wenye uzito wa kweli wa namba yake, na kwa mito midogo uwe ule uliochongoka pande zote mbili: upande mmoja ukichakaa unaugeuza, yaani mshipi mmoja unakuwa miwili. Mimi siku za kungoja hukaa jioni nikifunga nzi wadogo, na mke wangu anajua nimeagiza fimbo kabla sijamwambia.

Ikifika

Usiipeleke mtoni siku hiyo. Viringisha kila kipande juu ya meza uone kama kimenyooka. Pitisha kipande cha soksi nyepesi ndani ya kila pete. Kikikwama, pete ina mkwaruzo na itaula mshipi. Unganisha vipande kwa kusukuma, pete zikielekea pembeni kidogo, kisha zizungushe zikae mstari mmoja. Ukiona nafasi ndogo kwenye kiungo cha aina ya pini, ambapo pini ya kipande kimoja huingia ndani ya kingine, usikilazimishe kuiziba, ndivyo kilivyotengenezwa, ili kikizidi kulika kwa matumizi kiendelee kubana.

Kisha nenda kwenye nyasi. Funga uzi mwekundu wa sufu badala ya ndoana. Watu huanza kwa kutoa mshipi wote waone unafika wapi, na hapo ndipo wanapojidanganya. Anza na mita tatu. Je, unausikia uzito mkononi? Ongeza hadi tano, halafu nane. Tazama ncha kila unaposimamisha mkono: ikiendelea kutikisika juu na chini, mshipi utakuwa na mawimbi na nzi hatatua sawa. Piga magoti urushe. Rusha kutoka upande wa kushoto. Rusha kwa kuviringisha, bila kupeleka mshipi nyuma kabisa, kwa sababu nusu ya siku yako mtoni itakuwa hivyo. Mita kumi na mbili ijaribu mwisho, na isipofika vizuri usiikatie tamaa.

Hatimaye mpe mtu ashike ncha ya uzi, asimame mita nane, avute polepole huku umeinua fimbo kwa pembe ya kawaida. Mpindo unatakiwa ushuke taratibu kutoka ncha, upite kiunoni, ukaribie mpini. Ukiona sehemu moja imekunjika kama kiwiko na nyingine zimenyooka, irudishe siku hiyohiyo, kabla mpini haujashika uchafu wa mkono wako.