Taa za kukodi zilivyonizimikia Sezibwa

Nimekaa na jambo hili wiki kadhaa nikidhani hasira itapoa. Haijapoa. Duka lenyewe, hapa Kampala katikati, sitalitaja jina. Wanaokodi vifaa vya picha watalitambua kwa kijana wa kaunta.

Nilichukua flashi mbili kubwa zinazotumia betri, stendi mbili, triga ya kuziwashia flashi kutoka kwenye kamera na mwavuli mweupe wa kulainishia mwanga. Shilingi 80,000 kwa siku, dhamana 200,000 juu yake, na kitambulisho changu cha taifa kikabaki kwenye droo yao. Sina ugomvi na bei. Ugomvi wangu unaanza nilipoomba kuzijaribu kabla sijatoka.

Anayetumia flashi za betri anajua kwamba ile mistari ya chaji pale nyuma si ushahidi. Betri iliyochoka huonyesha mistari yote minne ikiwa imetulia, ukiipa kazi inaporomoka. Njia ya kuijua ni kuipiga kwa nguvu zote mara kumi na tano mfululizo huku unasikiliza mlio wake wa kusema iko tayari. Mlio ukianza kuchelewa, iache hapo hapo. Ni kazi ya dakika mbili. Kijana akaniambia, "Dada, kuna watu nyuma yako. Unaogopa nini? Zimelala kwenye chaji." Nyuma yangu alikuwa mtu mmoja tu, tena anaongea na simu. Kijana akaandika risiti haraka haraka, taa 2, stendi 2, triga 1, akanisukumia. Nikanyamaza nikabeba. Huo ukimya bado unaniuma.

Wateja wangu walikuwa wachumba wawili wa kwetu Busia, wako mbioni kufanya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti. Walitaka picha za gomesi, lile gauni refu la mabega yenye ncha, na kanzu, lakini kitambaa cha studio hawakutaka kukiona. "Tunataka maji," dada wa watu akasema. Entebbe kwenye bustani ya mimea nimeshapiga mara nyingi, ile miti mikubwa na ziwa nyuma yake naijua kama uwanja wa nyumbani. Safari hii nikawapeleka Sezibwa.

Kwa asiyepajua, ni kama kilomita 35 kutoka Kampala, unashika barabara ya Jinja halafu unakata kando. Maporomoko yenyewe si marefu, ila yana nguvu, yanapita kati ya miamba myeusi na miti. Na ni mahali pa heshima. Waganda wanasimulia juu ya mwanamke aitwaye Nakangu aliyezaa mito pacha, Sezibwa na Bwanda, na mpaka leo watu wanakwenda pale kuomba. Kwa hiyo huingii na stendi zako begani kama unaingia bustani ya hoteli. Tulisalimia, tukalipa kiingilio, tukaelezwa wapi tuvue viatu na wapi kamera isielekezwe kabisa. Tulitii. Wapiga picha wanaoruka hatua hiyo wanatuharibia sisi wengine.

Picha niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa moja. Nilitaka maji yatoke laini kama maziwa yanayomiminwa, na hayo huyapati mpaka uache shata, kile kipazia cha ndani ya kamera, wazi kwa muda, robo sekunde au zaidi, kamera ikiwa kwenye stendi. Lakini katika robo sekunde binadamu anatikisika, na uso unatoka kama umepanguswa na kitambaa. Kazi ya flashi ni hiyo: inamulika watu kwa kitambo kidogo mno, nyuso zinakamatwa kali huku maji yanaendelea kutiririka. Bila flashi wazo lote linaanguka. Ndiyo maana nililipa.

Tulichelewa njiani, malori ya miwa yalikuwa yamejaa barabara, na pale Namawojjolo wauza kuku wa mishikaki wakatuzingira madirishani mpaka wajomba wakanunua. Tukafika saa kumi na nusu jioni. Nikafunika flashi kwa kavera, mifuko ya plastiki, zisipate hata tone, nikaziweka mbali na mvuke wa maji, nikaanza.

Ya kwanza ilipiga mara kumi na moja. Nilizihesabu baadaye kwenye kamera, moja moja. Ya saba mlio ulichelewa, ya tisa ukachelewa zaidi, ya kumi na moja ikatoa mwanga hafifu, halafu kimya. Ya pili ilipiga mara nne tu.

Sijui niwaelezeje kimya kile. Watu kumi wamevaa, wamepakwa poda, bi harusi mtarajiwa amefungwa mshipi wa gomesi kwa nusu saa nzima na shangazi yake, na mimi nimeinama nabonyeza kitufe ambacho hakiitikii. Yule shangazi akasogea, akaniuliza polepole wengine wasisikie, "Mwanangu, imekwisha?" Nikamjibu, "Bado, shangazi." Sikuwa na hakika hata kidogo.

Huku kwetu karibu na ikweta jua halizami kwa kuzunguka zunguka, linashuka wima. Ule mwanga wa dhahabu unaupata muda mfupi, kisha giza. Nilikuwa na saa moja na kitu.

Macho yangu yakaenda kwa bwana harusi na ndugu zake wawili. Wamevaa kanzu nyeupe, na makoti juu. Nikawaambia wale ndugu, "Kaka zangu, vueni makoti." Nikamsimamisha mmoja kushoto kwa bi harusi, nje kidogo ya picha, kifua kikitazama upenyo wa jua kati ya miti. Wa pili nikamwambia apige magoti mbele, ashike upindo wa kanzu autandaze kama mtu anayepokea maembe. Na uso wa dada ukawaka! Wallahi ukawaka. Palipozungukwa na majani hivyo, mwanga unaotua usoni huwa wa kijani kibichi, ngozi zetu nyeusi zinatoka kama zina homa. Kanzu ziliufukuza ule ukijani wote. Zile ncha za mabega ya gomesi zikashika mwanga juu kabisa, na chini ya macho hapakuwa na kivuli.

Ikabaki kutikisika. Nikaibana kamera ipokee mwanga kidogo, ISO 100 na f/11, shata robo sekunde, nikawaambia waegemeane mpaka wahisi uzito wa mwenzake, wavute pumzi, waitoe nusu, wakae. Sio kusimama wima kama askari, mtu akisimama wima anayumba. Walioegemeana hawayumbi. Kati ya picha kumi nikapata tatu kali, na tatu zinatosha.

Jua lilipoingia nyuma ya miti shangazi akadhani tumemaliza. Mimi nilikuwa nimeshaiona pikipiki ya Bajaj ya kijana wa boda aliyetusindikiza. Taa yake ina rangi ya njano ya balbu. Nikamwendea mzee anayetunza mahali pale nikamwomba ruhusa ya kuwasha injini, maana pikipiki ikizimwa taa inafifia, na sikutaka kupiga kelele mahali pa watu kuomba. Akanipa dakika kumi. Boda akaisogeza kwenye nyasi, binamu yangu akashika ule mwavuli mweupe mbele ya taa, na mwanga ukapita kwenye kitambaa ukawa laini kama wa kibatari. Nyuma anga limekuwa la buluu, maji ya buluu, na wale wawili wako katikati na rangi ya asali. Flashi isingenipa ile rangi. Nasema kweli, isingenipa.

Kwa hiyo mtu anaweza kuniuliza, sasa unalalamika nini na picha umepata? Nalalamikia asubuhi yake.

Nilirudisha vifaa mapema. Kijana akazishika flashi, akazigeuza, akasema zimeingia maji. Nikamwambia zilikuwa ndani ya kavera, nikamwonyesha na kavera zenyewe. Akasema atakata 150,000 kwenye dhamana. Nikamweleza habari ya betri, mlio wa saba, wa tisa, wa kumi na moja. Ndipo akaniambia, mbele ya wateja watatu, "Dada, hizi mashine zinataka mwanaume anayezijua. Wewe umezoea za simu."

Miaka tisa nipo kwenye kazi hii. Nimepiga harusi Tororo kwenye mvua nikiwa na mimba ya miezi saba. Nimelala kwenye basi nimekumbatia begi la kamera. Za simu!

Sikupiga kelele. Nikamwomba aichomeke ile betri ya kwanza mpaka ijae, nikakaa kwenye kiti cha plastiki saa mbili na nusu. Mistari minne ilipotimia nikaiweka flashi juu ya kaunta, nikapiga kwa nguvu zote, nikihesabu kwa sauti ili wote wasikie. Wa tisa mlio ukachelewa. Wa kumi na mbili ikafa. Mteja mmoja, mzee wa makamo aliyekuja kukodi spika, akasema, "Kijana, mpe dada pesa zake." Unajua kijana alijibu nini? Alisema sasa ndiyo nimeiharibu kabisa.

Hapa lazima niwe mwadilifu. Mwenye duka alinipigia mwenyewe mchana ule. Mtu mstaarabu, akaniita dada yangu, akanirudishia dhamana yote, kitambulisho, na nusu ya kodi. Na lenzi zao nimezikodi mara nyingi, ni safi, hazina ukungu ndani wala mikwaruzo, na sijui duka jingine mjini linalozitunza hivyo. Nilianza kuandika nikitaka kusema msikanyage pale. Siwezi kusema hivyo kwa haki. Lenzi, kodini. Stendi, kodini. Flashi msiguse mpaka mzipige mara kumi na tano mbele yao, na wakikataa, tokeni.

Ila nilipomuuliza mwenye duka kijana atafanywa nini, akanijibu, "Msamehe, ni kijana tu." Hapana. Kijana tu ni yule wa boda aliyezima injini dakika ya kumi kamili bila kukumbushwa, kwa sababu alimpa mzee ahadi. Huyu wa kaunta ana umri wa kujua kwamba mwanamke aliyesimama mbele yake na risiti ni mteja, na kwamba betri imekufa kwa uzee wake. Amewaambia wasichana wangapi maneno yale, wale wanaoanza kazi, wasiojua kuhesabu mlio, wakaacha 150,000 zao wakaondoka wanajilaumu? Nikifikiria hilo nataka kufuta hata yale mema niliyosema kuhusu lenzi. Nusu ya kodi hainitoshi. Nilitaka yeye mwenyewe anitazame aseme amekosea, na mpaka leo hajasema.

Mwavuli wao mweupe bado uko kwangu. Hakuuandika kwenye risiti, kwa hiyo hakuuliza. Nimeuosha, umekauka, Jumatatu naupeleka, na nitasubiri mwenye duka afike, aupokee yeye, auandike kwenye daftari kwa mkono wake.