Laptopu yako imekataliwa na Windows 11? Mfumo huria wa kuweka, kuanzia ulio bora

Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Laptopu nyingi za mtumba zinaachwa nje zikiwa bado nzima. Usikimbilie kununua nyingine. Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ni bure, nayo ina matoleo mengi. Utakachonunua ni flashi ya GB 8 na bando. Fedha ikibaki, na laptopu bado ina diski ya kuzunguka, nunua SSD. Hakuna kitakachoiongezea kasi zaidi.

Chaguo langu la kwanza ni Linux Mint. Menyu iko chini kushoto ulikozoea, LibreOffice (programu za ofisi mfano wa Word na Excel) imo tayari, na matoleo ya 22 yatahudumiwa hadi 2029. Lakini hasa naipendea bando: inakuonyesha masasisho na ukubwa wake, kisha inasubiri uamue. Kwa anayefanya kazi kwa hotspoti ya simu, hilo ni jambo kubwa. Mint huja na sura tofauti za skrini: mwenye RAM ya GB 8 achukue Cinnamon. Mwenye GB 4, Xfce, iliyo nyepesi.

Ubuntu ni ya pili. Ni imara, na ukikwama msaada umejaa mtandaoni. Ila faili la toleo la 24.04 linakaribia GB 6, takriban mara mbili ya Mint, na programu zake za snap (aina ya vifurushi vya programu vya Ubuntu) hujisasisha zenyewe zikila bando usipozizuia.

Debian yenye Xfce naiweka ya tatu, kwa mashine dhaifu zaidi. Fedora ni nzuri, lakini kila toleo huhudumiwa miezi 13 hivi tu. Kwa ofisi ni usumbufu.

Kabla ya kufuta chochote, weka mfumo uliouchagua kwenye flashi, washa laptopu kwa flashi hiyo na ujaribu waifai, sauti na printa. Printa nyingi za HP hukubali mara moja. Baadhi ya Canon za leza za zamani husumbua sana. Photoshop na QuickBooks ya kwenye kompyuta hazina toleo la Linux, na mafaili ya Excel yenye makro (amri za kujiendesha) mara nyingi hugoma kwenye LibreOffice. Kama mshahara wako unategemea hayo, weka mifumo yote miwili kwenye diski moja, baada ya kunakili mafaili yako kwenye diski ya nje.